Shika "scrib" na "graph", maneno mengine yatajileta

Anayekariri "describe" leo, "description" kesho na "subscription" mwezi ujao anabeba mzigo uleule mara tatu. Kwenye Kiswahili hana kazi hiyo: andika, andikisha, mwandishi, maandishi, yote anayatambua kwa mzizi mmoja. Kiingereza nacho kina mizizi yake ya kuandika.

Anza na "scrib" ya Kilatini. Kwenye kaunta buku, tenga ukurasa mmoja kwa mzizi mmoja, uugawe safu tatu: kitenzi, nomino, sentensi. Kitenzi huishia na "-scribe", nomino na "-scription". Wengi huandika "describtion". Hiyo "b" hugeuka "p" kwa sababu inafuatwa na "t". Itamke haraka, utaisikia. Kosa jingine ni "discribe". Kiambishi ni "de-".

Sasa badilisha viambishi. "Pre-" ni kabla: daktari anaandika kwanza, dukani unapewa dawa baadaye, hiyo ni prescription. "Sub-" ni chini: unaweka jina chini ya makubaliano, hiyo ni subscription. "Trans-" huvusha: maneno ya kwenye rekodi yakihamia karatasini, hiyo ni transcript. "Conscript" ni mtu aliyeandikishwa jeshini kwa lazima, na hapo Kiswahili kimekurahisishia. Ila "prescribe" na "proscribe" zisikuchanganye. Ya kwanza ni kuagiza, ya pili ni kupiga marufuku. Mwaka 82 KK huko Roma, jenerali Sulla alibandika hadharani majina ya mahasimu wake ili wauawe, na orodha za namna hiyo ndizo zilizoitwa kwa neno hilo la pili.

"Graph" ya Kigiriki unayo tangu shule, kwenye jiografia: "geo" ni ardhi, "bio" uhai, "photo" mwanga, "auto" mwenyewe. Maana si shida. Shida ni mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ukikaa na waongoza watalii Arusha utasikia "photoGRAphy". Sahihi ni "phoTOgraphy". Mkazo hukaa kwenye silabi inayotangulia "-graphy": biOgraphy, toPOgraphy. "PhoTOgrapher" hufuata mkondo huohuo. Kwenye "photoGRAphic" tamka tu kama Mswahili, umepata.

Mzizi hukupa fununu, haukupi maana kamili. "Autograph" kwa kawaida ni saini ya mtu maarufu, si chochote ulichoandika mwenyewe. Na "litter", takataka, haina undugu na "letter" wala "literature", hata zikifanana vipi. Kwa hiyo safu ya sentensi usiiache wazi, na iandike kwa mambo ya kwenu: "She described the climb from Barafu to Uhuru Peak."

Maneno matano kwa wiki yanatosha. Jumamosi funika safu ya nomino kwa karatasi, uijenge upya kutoka kwenye kitenzi. Neno ulilokosea lihamishie juu ya ukurasa wa wiki inayofuata.