Jibu: Miaka 25 au 40, ubaki na upi daima?
Salaam ndugu. Umeuliza ubaki daima na miaka 25 au 40, na umekwama kwa sababu mwili unakuvuta huku na akili kule. Angalia macho kwanza: kwa watu wengi, kusoma maandishi ya karibu huanza kuwa kazi wanapoingia miaka ya arobaini, ilhali mifupa hufikia uimara wake wa juu karibu na miaka 30. Mimi, niliyekwisha kuipita yote hiyo, ningesimama kwenye 35, umri ambao nilijua tayari kumkatalia jamaa anayekopa bila nia ya kulipa na bado nilipanda ngazi bila kushika ukuta. (Ukiutaka urais wa Tanzania, haitoshi; Katiba inadai 40.) Suala la kuzaa siwezi kukuamulia.