Kwa nini BMP-2 inakimbia na buldoza inatambaa, zote zikiwa na shenili?

Swali: Papa fundi, salamu. Mimi ni fundi wa buldoza kwenye karieri moja (machimbo ya mawe), njia ya Lubumbashi–Likasi. D9 yetu haipiti kilomita 12 kwa saa hata dereva akikanyaga mpaka mwisho. Nimesoma kwamba BMP-2, lile gari la mapigano linalobeba askari wa miguu, linafika 65. Yote mawili ni chuma juu ya shenili, ile minyororo mipana ya chuma inayozunguka badala ya matairi. Siri iko wapi? Na mtu aliyezoea buldoza anaweza kulitengeneza?

Jibu: Mdogo wangu, anza na hesabu ya nguvu kwa uzito. D9T ina tani 48 hivi na injini ya nguvu za farasi 400 na kidogo. Ukigawanya unapata 8 au 9 kwa kila tani. BMP-2 ina tani 14 na injini ya farasi 300, yaani 21 kwa tani. Wepesi huo una bei yake: gari limeundwa lielee majini, kwa hiyo bamba zake ni nyembamba, na ubavu wake unazuia risasi za bunduki lakini hauzuii roketi ya RPG. Wajerumani walipotaka ulinzi mzito kwenye Puma, gari lao la kazi hiyohiyo, lilifika tani 43 likiwa na bamba zote, na ili lisigeuke kobe walilifungia injini ya farasi 1,088.

Lakini hilo ni jibu dogo. Hata D9 yako ukiipa injini ya farasi 1,000 kesho asubuhi, haitakimbia. Itajivunja yenyewe kabla haijafika nusu ya mwendo unaouota.

Jibu kubwa liko chini. Rola za buldoza zimeshikwa kwenye fremu nene, na zikipanda jiwe zinacheza kidogo sana. Ndivyo inavyotakiwa, maana chini kukicheza, lama, kile kisu cha mbele cha kusukuma udongo, nayo inapanda na kushuka, na ardhi uliyotaka kuisawazisha inabaki na mawimbi. Gari la mapigano limejengwa kwa nia tofauti kabisa. Kila gurudumu lina mkono wake peke yake, na mkono huo umeungwa na fito ya chuma cha springi iliyolala sakafuni, ikikatiza gari kutoka ubavu hadi ubavu. Ncha moja imekazwa upande wa pili, haizunguki. Gurudumu likipanda, mkono unaisokota ile fito. Likivuka jiwe, fito inajirudisha. BMP-2 ina magurudumu sita kila upande, kwa hiyo fito 12. Vizuia mtikiso vimewekwa kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu huko ndiko gari linakopiga pua na kukaa mkia.

Fito hizo zinakula nafasi chini ya miguu ya askari. Puma imeziacha, ikatumia mitungi ya gesi na mafuta iliyofungwa nje ya bodi, na kelele za shenili zinaingia kidogo zaidi ndani.

Sasa shenili yenyewe. Kwako gurudumu la meno, lile linalovuta shenili, liko nyuma, kwa hiyo mashine ikienda mbele mvuto uko zaidi sehemu ya chini. Kwenye BMP-2 injini iko mbele, ili askari watokee milango ya nyuma, na gurudumu la meno liko mbele pia. Mvuto unatoka ardhini, unazunguka nyuma, unapita juu mpaka kwenye meno. Karibu mzunguko wote unabeba mzigo. Ndiyo maana ukazaji wake hausamehe. Shenili ikilegea, itachomoka kwenye magurudumu, hasa dereva akikata kona kwenye mteremko wa ubavu, au akirudi nyuma huku matope na mawe yamejaa kwenye meno. Ikikazwa kupita kiasi, inakula pini zinazounganisha vipande vyake, inachosha beringi na kunyonya nguvu ya injini. Pima baada ya gari kujiendea na kusimama lenyewe bila breki, kwenye uwanja sawa. Ukipima breki imetoka kushikwa, utaona ulegevu mahali pasipo pake.

Mpira nao unakufa. Pini za BMP-2 zinacheza ndani ya mpira, si ndani ya mafuta kama zako, na magurudumu yamevaa mpira. Lami ndefu yenye joto inaumeguamegua. Kwa hiyo, ingawa Likasi ni kilomita 120 tu, jeshi lenye akili litalipandisha gari juu ya lori kama nyinyi mnavyopandisha D9.

Kuhusu kulitengeneza: chini ya gari, ndiyo, utajifunza haraka. Kwenye injini, jambo moja litakushangaza: BMP-2 haina feni ya rejeta. Moshi wa ekzosi unapulizwa kwa kasi na kuvuta hewa ipite kwenye rejeta. Vumbi letu jekundu likiganda pale, joto linapanda ingawa pampu na maji viko sawa, kwa hiyo safisha mapezi kabla hujafungua kitu kingine. Mnara wenye mzinga wa milimita 30 waachie waliosomea silaha. Na kwenye magari mapya umeme ndio unaosumbua: Desemba 2022 Puma zote 18 zilizokuwa kwenye zoezi moja la jeshi la Ujerumani ziliharibika, na uchunguzi ukaonyesha sehemu kubwa ilikuwa hitilafu ndogondogo.

Kila gari linaposimama, pitisha kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, usikikandamize. Vyote vitakuwa na joto. Kimoja kikizidi jirani zake, mafuta yamevuja au beringi imeanza kufa. Fungua hicho kabla gari halijaondoka tena.