Ziwa Halinizuii, Ufuko Ndio Unaonizuia

Wiki hii jarida limetuuliza wasomaji iwapo mtu aliyepata ulemavu ukubwani anaweza kuifurahia tena michezo ya majini. Mimi ni mkazi wa Mwanza, nimepooza kuanzia kiunoni kutokana na jeraha la uti wa mgongo, na jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: apewe kasia mkononi. Kuketishwa katikati ya boti na kuzungushwa Ghuba ya Mwanza ni ukarimu, nami nawashukuru wanaoutoa, lakini huo ni usafiri. Mchezo huanza pale mtu anapoamua mwenyewe aelekee wapi, na mabega yake yakauma kwa uamuzi huo.

Tatizo la mtu aliyepooza si nguvu ya mikono, kwa kuwa kiti cha magurudumu kimekwisha kuijenga. Misuli ya tumbo na nyonga isiposhika, kila pigo la kasia humvuta upande mmoja, na mtumbwi mwembamba nao humfuata. Anahitaji kiti cha chini chenye egemeo refu, mto mnene wa kukalia, na ndubi, yaani vielea vya ubavuni vinavyozuia mtumbwi usipinduke. Mitumbwi yetu ya ziwani haina ndubi, lakini wenzetu wa pwani hawaingizi ngalawa baharini bila hizo. Fundi wa Kirumba aliukingamisha mti juu ya mtumbwi wangu, akafunga kila ncha dumu tupu la mafuta ya kula lililozibwa vizuri, akayaacha madumu juu kidogo ya maji ili yaguse tu mtumbwi unapoinama, maana yakizama muda wote huvuta na kumchosha mpiga kasia.

Duniani jambo hili limekwisha kuzoeleka. Mbio za kayaki za mita 200 ziliingia katika Michezo ya Paralimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, na katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ikaongezwa mitumbwi yenye ndubi moja, ambayo asili yake ni visiwa vya Polinesia. Hata anayetegemea mikono na mabega pekee ana kundi lake la kushindania.

Tahadhari zipo. Jaketi okozi huvaliwa daima, nalo lijaribiwe kwanza kwenye kina kifupi pamoja na wasaidizi, kwa sababu miguu iliyopooza huweza kuelea ikamgeuza mtu kifudifudi. Asifungwe kwenye kiti kwa mkanda usiofunguka mara moja. Miguu isiyo na hisia ivalishwe viatu vyepesi na ikaguliwe baada ya kutoka majini, kwani mkwaruzo usiouma hugeuka kidonda. Alfajiri ziwa huwa shwari, ila upepo mwepesi wa saa hizo hutoka nchi kavu na humsukuma mtu mbali na ufuko bila yeye kutambua. Kuhusu kichocho, konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhushiwa. Kwa hiyo kupima hospitalini na kumeza dawa yake, prazikwanteli, kuwe mazoea.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni zile hatua chache kati ya barabara na maji. Kwenye mawe, tope na mchanga, magurudumu madogo ya mbele hukwama, na mtu mzima hulazimika kubebwa mgongoni mbele ya umati. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inahusu burudani na michezo, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Nawaomba wanaokarabati mialo ya Ilemela na Nyamagana wamimine njia ya zege yenye mteremko mdogo na chuma cha kushikilia, nayo ianzie juu kabisa ya ukingo na kushuka hadi ndani ya maji, kwa sababu ziwa hili hupanda na kushuka, na mwaka 2020 lilipanda kiasi cha kufunika fukwe nyingi.