Kabla hujauliza bei ya mashine ya CNC

Vijana wanaofungua karakana za kuchonga chuma kwa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, huniuliza kuhusu chapa: Haas au Mazak? Nami huwauliza, ikisimama nani atakuja?

Mashine yangu ya kwanza niliichagua kwa jina tu, mtumba wa Japani. Ilikaa melini, ikakaa bandarini, na siku tuliyoiwasha skrini ilijaa alamu. Betri ndogo inayolinda kumbukumbu ya kontrola, yaani kompyuta inayoiongoza mashine, ilikuwa imekufa njiani, vigezo vyote (mipangilio ya mashine hiyo) vikafutika. Aliyeniuzia hakuwa na nakala. Wiki sita nililipa pango la chumba chenye chuma kisichofanya kazi. Kwa hiyo ukinunua mtumba, dai nakala ya vigezo kabla pesa haijatoka mkononi mwako. Uliza pia kama mashine ina kifaa cha kutambua kuhamishwa. Baadhi ya za Kijapani, zikiwemo za DMG Mori, hujifunga zikihamishwa mpaka mtengenezaji mwenyewe azifungue.

Ukilinganisha chapa, linganisha kontrola kwanza. DN Solutions ya Korea, zamani Doosan, mashine zake nyingi zinatumia kontrola za kampuni ya Fanuc, na fundi aliyezoea Fanuc ni rahisi kumpata kuliko mwingine. Okuma wanatengeneza kontrola yao, OSP, pamoja na mota na draivu. Haas wa Marekani nao wana ya kwao. Hapo lawama haizunguki kati ya kampuni mbili, lakini pia huna mlango wa pili wa kubisha hodi. Mazak wana Mazatrol: unaieleza mashine umbo, kipimo na kisu, yenyewe inapanga njia. Kwa karakana ya vipande kimoja kimoja, gia leo na bushi kesho, ningeipenda sana, hasa kama fundi wako ametokea kwenye milingi ya mkono, mashine ya kuchonga isiyo na kompyuta. Vijana waliosomea G-kodi, lugha ya kuiandikia mashine amri, chuoni waache na G-kodi yao.

Ukubwa usikusumbue mno. Haas VF-2 ina mwendo, yaani umbali inaoweza kusogea ikichonga, wa milimita 762 kwa 406 kwa 508, na kazi nyingi za karakana ndogo zinaenea humo.

Umeme ndio wengi wanausahau. Mashine iliyofungwa kwa matumizi ya Japani kwa kawaida inataka volti 200 za njia tatu, na wetu ni 400. Transfoma, kidhibiti volti, kompresa, vishikio vya visu, winchi ya kushushia: viandike vyote kwenye karatasi moja na bei ya mashine. Mara nyingi ile iliyoonekana rahisi inakuwa ghali.

Halafu usikubali maonyesho ya muuzaji. Nenda na chuma chako, mchoro wako na maikromita yako. Mwambie aizungushe spindo, mhimili unaozungusha kisu, saa nzima ipate joto, kisha weka fimbo ya majaribio kwenye tepa, tundu la spindo linaloshika kisu, na saa ya kupimia mtikisiko pembeni, uone fimbo inavyoyumba. Tega sikio, beringi iliyochoka inalia. Mwishowe achonge vipande kumi mfululizo bila kugusa ofseti, yaani marekebisho ya vipimo vya kisu. Pima cha kwanza, pima cha kumi, na tofauti yake iandike pembeni ya bei.