Mashine ya boti imefungwa upya na haiwaki: soma plagi kabla ya kuvuta kamba tena

Kuna swali linaloletwa tena na tena, na juzi limeingia jingine. Mashine ya zamani, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, imefumuliwa na kuwekewa pistoni na ringi mpya. Kamba imevutwa hadi bega linauma, haijakohoa hata mara moja. Sasa mwenyewe anataka kuifungua kabureta. Aiache kwanza!

Mashine iliyotoka kufungwa haiwaki kama iliyolala jana. Bakuli la kabureta ni tupu, na oili iliyopakwa kwenye silinda wakati wa kufunga huziroweka plagi. Kwa hiyo zitoe plagi, chomoa klipu ya usalama ili moto (cheche ya plagi) usitoke, kisha vuta kamba mara kumi hivi. Oili itatemwa kupitia matundu, basi usiweke uso hapo. Rudisha plagi kavu.

Mchanganyiko: kama mashine hutumia 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, tangi la kwanza kwa kawaida huwekwa mara mbili, mililita 40 kwa lita, ila kitabu chake kikisema vingine. Petroli iwe mpya. Itatoa moshi mwingi, usikushtue. Fungua tundu la hewa la tangi, shika kipira cha kusukumia mafuta mshale ukielekea juu, ubonyeze mpaka kiwe kigumu. Kisipokuwa kigumu kuna mahali kinavuta hewa, na mara nyingi ni kiringi cha mpira kwenye kiungo cha mashine.

Usiiwashe nje ya maji hata kwa sekunde chache, utaichoma impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine. Itumbukize kwenye pipa, maji yapite kile kibati kilicho juu ya propela. Rudisha klipu (wengi huisahau), weka nyutro, vuta choki yote. Ikikohoa, rudisha choki nusu ndipo uvute tena.

Imegoma? Toa plagi uitazame.

Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: sindano ya kabureta imenata au kiwambo cha pampu ya mafuta kimepasuka. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, imezidiwa: zima choki, fungua mafuta yote kwa kishikio cha mwendo, vuta mara kadhaa. Ikiwa imelowa na bado haiwaki, pima moto kwa kugusisha plagi, ikiwa kwenye waya wake, kwenye chuma cha mashine huku ukivuta kamba, mbali na matundu ya silinda, maana mvuke wa petroli hushika moto. Moto ukiwepo lakini mashine inapigia nyuma kupitia kabureta, shuku kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia flaiwili (lile gurudumu zito la juu) kwenye shafti. Kikikatika au kikisahaulika, moto huja wakati usiofaa, na hapo kabureta ungeisafisha mwaka mzima bure.

Ikiwaka, tafuta mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka kwenye mashine mara moja. Usipouona, zima. Dakika kumi za kwanza iende polepole, kisha badilisha mwendo mara kwa mara, na katika saa ya kwanza usiipe mafuta yote. Ikishapoa kabisa, rudia kukaza bolti za hedi kwa kipimo cha kitabu, ukianzia katikati kwenda pembeni, maana gasketi mpya hulala kidogo ikishapata joto.