Nyumba zimejaa makufuli na sie tunabanana chumba kimoja

Safari hii barua nyingi zilizonifikia zimetoka Pemba na karibu zote zinazungumzia nyumba. Nimechagua tatu, nimezifupisha kidogo, na majina yao halisi sikuyaandika kama walivyoomba wenyewe.

SWALI: Assalam alaykum Shangazi, shikamoo. Mie ni mwalimu wa skuli, nimehamishiwa Chake mwaka wa pili sasa, nakaa Msingini chumba kimoja na ukumbi, mie na mke wangu na watoto wawili na mdogo wake mke wangu anaesoma. Nimetafuta nyumba mpaka nimechoka, dalali ananizungusha tu. Kinachoniuma ni kuwa njia ninayopita kwenda kazini zipo nyumba nne zimefungwa, moja miti imeota barazani, nyengine madirisha yashaanguka, nikiuliza naambiwa hiyo ya warithi, hiyo mwenyewe yuko Maskati. Hivi serikali haiwezi kuzichukua ikatupangisha sie? Na mie nifanyeje?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Nianze na hilo la serikali maana wengi wananiuliza. Ni kweli ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, mambo haya yalianza baada ya Mapinduzi ya 1964 na Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ikaja ikayaweka vizuri, mtu anachopewa ni haki ya kuitumia. Lakini nyumba aliyoijenga marehemu kwa jasho lake ina wenyewe na wana haki zao za mirathi, kwa hiyo sikushauri ukae unangoja mtu wa ofisini aje akate kufuli. Watoto watakulia hapo hapo chumbani.

Uchungu wako naujua na una haki nao. Sensa ya 2012 Pemba nzima tulikuwa watu 406,848, ya 2022 tukafika 543,441, hao zaidi ya laki na 36 elfu walioongezeka wote wanataka pahala pa kulala, na huku nyumba nzuri za wazee wetu zinaliwa na mchwa.

Sasa nikwambie kwa nini zinafungwa. Nimekaa na familia nyingi zenye nyumba za namna hii na maneno ninayoyasikia ni yale yale. Mmoja anasema tukimtia mpangaji hatotoka, mwengine anasema kaka mkubwa akishika kodi sie hatuioni, na wa tatu yuko mbali anasema iacheni kama ilivyo ntakuja mwenyewe, na hiyo kuja miaka inapita haiji. Basi inafungwa ili watu wasigombane, na ikishafungwa hakuna anaetaka kuwa wa kwanza kulizungumza, anaogopa ataambiwa ana tamaa.

Ya babu yangu Limbani, Wete, tuliifunga miaka 9. Nyumba ya mawe na chokaa, kuta nene, baraza yake jioni haikosi watu wanacheza bao. Lilitoboka bati moja tu, juu ya chumba cha bibi, maji yakawa yanaingia ukutani kila masika na ndani hamna mtu wa kuyaona, chokaa ikalainika, mchwa wakapanda kwenye boriti, tulipokuja kufungua mwaka wa kumi nusu ya dari iko chini. Angekuwemo mtu, hata mpangaji wa bei ya chini kabisa, bati lile lingebadilishwa wiki ile ile. Mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwengine. Na si nyumba za watu wadogo tu, Beit al Ajaib kule Unguja ilikaa imefungwa miaka kadhaa na tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka, jumba la Sultani lile, sembuse letu la Limbani.

Warithi wanaogopa hesabu kwa sababu hawajakaa wakaifanya, hebu ifanye nao. Chukua marehemu alieacha mke mmoja, watoto wanaume wawili na wanawake watatu, na wazee wake washatangulia. Mke ana thumni, sehemu moja katika nane. Zinabaki saba, mwanamme anachukua mara mbili ya mwanamke, basi kila binti ana sehemu moja na kila kijana ana mbili. Kodi ikiwa elfu 80 kwa mwezi mama anapata elfu 10, kila binti elfu 10, kila kijana elfu 20, imekwisha, hakuna alieliwa. Wakiona hesabu imeandikwa kwenye karatasi namna hiyo nyuso zinabadilika, nimeshuhudia mwenyewe. Kama mirathi haijawahi kugaiwa, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu hapa kwetu, na wakishindana kabisa Mahkama ya Kadhi ipo.

Wewe lako ni hili. Katika nne hizo chagua moja, ile yenye paa zima zaidi hata kama milango imekufa, maana mlango fundi anakutengenezea kwa siku mbili lakini paa bovu litakumaliza. Nenda kwa sheha wa shehia ile umuamkie, muulize nani anashika ufunguo. Nyumba iliyofungwa huku kwetu haikosi mtu anaeshika ufunguo, mara nyingi ni shangazi mtu au jirani wa ubavuni, na huyo ndie wa kuanza nae. Usimuanze na bei. Muombe uingie uangalie tu, halafu mwambie mie ni mwalimu, nina familia, paa hili nitaliziba na mlango nitautia, gharama tutakata kwenye kodi kidogo kidogo mpaka iishe. Kwa mtu alieko Maskati anaefikiria atatoa wapi pesa za kuja kuitengeneza, maneno haya ni makubwa.

Wakikubali, muandikiane. Andikeni muda, tuseme miaka miwili, na tarehe ya kutoka, maana hofu yao kubwa ni hiyo. Andikeni kila kilichonunuliwa na risiti zake uziweke, pigeni na picha kabla hujagusa kitu. Wasaini warithi wote, na walio nje watoe uwakala wa maandishi kumpa mmoja wao, sauti aliyotuma mtu kwenye WhatsApp usiitegemee, nimeona mpangaji ametia bati nyumba nzima halafu akatokea ndugu mmoja kutoka Unguja akasema mie sikuulizwa. Sheha awe shahidi. Ukichelewa kupata jibu usikate tamaa, kuwakusanya warithi wa Dubai na Unguja na Mombasa si kazi ya siku moja.

SWALI: Sie tunakaa majumba ya Maendeleo hapa Madungu. Paa linavuja, ngazi zimevunjika, maji machafu yanatoka bomba la juu yanashuka ukutani kwetu. Nikimwambia wa juu anasema si langu, nikienda ofisini nako naambiwa subiri. Fleti ya jirani yangu yenyewe imefungwa haina mtu na maji yanavuja humo humo. Ni la nani hili?
Mkaazi wa Madungu

JIBU: Majumba haya yametoka kwenye mpango wa Mzee Karume wa kuwapa wananchi makaazi bora, Wajerumani wa Mashariki wakasaidia Kikwajuni na Michenzani kule Unguja na huku Pemba yakaja ya kwetu. Wakati ule serikali ndio iliyokuwa kila kitu, inajenga na inatengeneza. Leo ndani kila mtu na fleti yake lakini paa, ngazi na mabomba yanayopita kwa wote yamebaki hayana baba. Zanzibar tuna sheria ya kondominio, yaani majengo ya fleti zenye wenyewe mbalimbali, tangu 2010, Sheria Namba 10, na inataka wenye fleti wa jengo moja wawe na umoja wao wa kusimamia vitu vya pamoja. Kwa hiyo iteni kikao cha jengo lenu lote, muandike barua moja yenye saini za milango yote na nakala apewe sheha, barua ya mtu mmoja inawekwa pembeni lakini ya familia zote za jengo ina uzito. Na hiyo fleti iliyofungwa mwandikieni mwenyewe kwa jina, mumwambie maji yanatoka kwake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mume wangu yuko Maskati. Mwaka 2014 tulianza nyumba Jadida, vyumba vitano kila kimoja na choo chake, imefika kwenye lenta ikasimama. Kila akituma pesa tunanunua simenti au tofali halafu inakaa. Mie na watoto tunakaa kwa mama yangu, tunamuonea haya sasa. Yeye anasema nivumilie mpaka iishe yote, na mama mkwe anasema kuhamia nyumba haijakwisha watu watatucheka. Tuiuze?
Mama Wawili, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu, usiuze. Ukiuza gofu unauza kwa bei ya kiwanja na jasho la miaka yote hiyo linapotea.

Wala mumeo hana kosa la uvivu. Huku kwetu watu tunajenga kwa pesa ya mfukoni, mkopo wa nyumba benki wanataka hati na wengi wetu kiwanja tumenunua kwa karatasi ya kwa sheha, simenti na nondo na bati vyote vinavuka bahari vinakuja na bei ya meli juu yake, katikati hapo harusi ya mdogo wake, maradhi ya baba, ada za watoto, basi nyumba inakaa. Tatizo lenu ni ramani. Mlichora nyumba ya siku mtakapokuwa na pesa nyingi mkaianza yote kwa mara moja, sasa kila kinachotumwa kinagaiwa vyumba vitano na hakuna hata kimoja kinachokwisha.

Kaa na fundi alieijenga, siyo mwengine, muulize upande upi vyumba viwili na choo kimoja na jiko vinaweza kuezekwa peke yake bila kuharibu paa la baadae. Mara nyingi inawezekana ikiwa nyumba inakatika pale kwenye korido. Pesa yote ya mwaka huu iende upande huo tu, bati, milango miwili ya nje, choo, sakafu ya simenti ya kawaida. Vigae baadae, dari baadae, na geti msilifikirie kabisa. Hivyo vyumba vitatu vilivyobaki vizibwe madirisha kwa matofali makavu watoto wasiingie.

Simenti mliyoweka kwa mama iangalieni leo, kama mfuko umeshagandamana umekwisha huo, na msinunue mwengine mpaka fundi yuko kazini.

Mama mkwe muheshimu na msikilize, halafu muombe mumeo azungumze nae mwenyewe kwa simu, mwana akimwambia mama yake nataka wajukuu zako walale kwao ana nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko wewe. Na mwambie mumeo kuwa nyumba yenye watu ndani inamalizika upesi, kwa sababu mtakuwa mnaona kila siku kinachokosekana na hamtonunua kitu cha kuweka.

Picha uliyonitumia nimeiangalia vizuri. Zile nondo zilizobaki wazi juu ya nguzo za mbele zishakuwa nyekundu, Wete bahari iko hapo hapo na hewa yake ina chumvi. Zisuguliwe kwa brashi ya waya kisha zipakwe simenti iliyokorogwa na maji, mpe kibarua kazi hiyo wiki hii kabla masika hayajaanza.