Jibu: Fremu imeibiwa mara mbili, makufuli hayajaguswa

Pole sana mkuu. Kwa nilivyokuelewa, umeibiwa mara mbili mwezi huu kwenye fremu yako ya duka, makufuli mazima, na kamera haikunasa kitu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Kabla hujanunua kufuli jingine, panda darini na tochi. Fremu nyingi za kupanga, kuta za kati huishia kwenye jipsamu, hazifiki kwenye bati. Mimi niliibiwa hivyo hivyo: mwizi aliingia fremu ya jirani iliyokuwa tupu, akapita juu ya ukuta, akashuka kwangu taratibu. Tulipandisha tofali hadi kwenye kenchi zinazobeba bati, na pale fundi aliposhindwa kupitisha tofali tukachomelea nondo. Mwenye nyumba alikataa kuchangia, nikalipa mwenyewe.

Ukikuta ukuta umefika juu, fikiria funguo. Mpangaji aliyekutangulia alirudisha zote? Badilisha kitasa hata kama alirudisha, maana kuchonga nakala ni kazi ya dakika chache.

Betri ya akiba ihudumie kamera na mashine ya kurekodia, vyote viwili. Na hiyo mashine usiiweke kaunta, wanaibeba.

Sijaiona fremu yako, kwa hiyo ukishapanda tupia picha ya dari hapa.